Mwanangu, guashi haitaki maji ovyo

Mwanangu mpenzi,

Salamu. Umeniuliza kwa nini picha za majahazi mnazochora kwa guashi na kikundi chenu ufukweni Bagamoyo hupendeza zikiwa mbichi, ukizifikisha nyumbani zimepauka kama zimepakwa chokaa, na moja imeanza kubanduka sehemu ya anga. Hayo ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Guashi ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga. Unga ni mwingi, ndiyo maana hufunika kilicho chini yake. Ikikauka, rangi angavu hukoza kidogo na iliyokoza hupauka, kwa hiyo anga na kivuli cha jahazi husogeleana, na picha hupoa. Usiiamini paleti, kibao chako cha kuchanganyia rangi. Kata ukanda wa karatasi ileile unayochorea, paka doa la kila mchanganyiko, subiri likauke, ndipo uguse picha.

Halafu nyeupe. Najua unaitumia kwa kila kinachopigwa na jua, na hapo ndipo chokaa inapoingia. Mchanga wa asubuhi unataka manjano na chembe ya nyekundu ndani ya hiyo nyeupe. Kijani cha mikoko kiangaze kwa manjano kwanza, nyeupe ije mwisho na iwe kidogo. Nyeusi iache nyumbani: buluu ya ultramarini na kahawia ya siena iliyochomwa zikichanganywa hutoa giza lenye uhai.

Angalia pia unapokaa. Karatasi ikipigwa na jua hukuumiza macho, nawe bila kujua unakoroga rangi za giza mno. Ukiingia ndani picha imefifia. Kaa kivulini, au chini ya mwavuli mweupe au wa kijivu. Mwavuli mwekundu hutia wekundu kwenye kila unachokiona.

Kubanduka kunatokana na unene. Tabaka la kwanza liwe kama tui la pili, jepesi, likiingia kwenye karatasi. La mwisho liwe kama tui zito la kwanza. Ukifikia uzito wa uji, gundi haitoshi kuushika unga wote: juu hukauka kwanza, hujikunja, hupasuka. Karatasi nyembamba huongeza balaa kwa kupinda, kwa hiyo nunua ya gramu 300 kwa mita ya mraba na uibandike ubaoni kwa tepu ya karatasi pande zote 4. Sentimita 15 kwa 20 zinatosha kwa asubuhi moja.

Na kumbuka guashi iliyokauka huyeyuka tena ikiguswa na maji. Tabaka la juu lipakwe kwa brashi isiyochuruzika, pitisha mara moja, ondoa mkono. Ukisugua, unachota rangi ya chini na kupata tope. Beba makopo 2 ya maji baridi yasiyo na chumvi, moja la kuoshea brashi na jingine la kuchanganyia. Maji ya bahari usiyaguse hata yakiwa miguuni pako, kwa sababu chumvi hubaki kwenye picha ikivuta unyevu.

Sasa majahazi yenyewe. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Ukianza saa moja asubuhi chombo kinaelea wima; baadaye kinakaa mchangani, kinalala ubavu, na mlingoti unainama nacho. Anza na chombo, kwa penseli: omo (mbele ya chombo), tezi (nyuma yake), mlingoti, foromali (boriti ya tanga), na mstari wa kivuli chake. Anga itakusubiri. Kikishainama usikifuate kwa kufuta. Shika ulichochora mwanzo, au geuza karatasi uanze kingine. Ukitaka muda zaidi, nenda siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo.

Paleti usiifunike ikiwa mbichi ukaiacha siku nyingi, kwa joto la pwani itaota ukungu. Ifute, au iache wazi ikauke.

Ile iliyobanduka bado ina matumaini. Kwangua vipande vilivyolegea kwa brashi kavu, futa kingo kwa brashi yenye unyevu mpaka zilainike, acha ikauke, kisha paka anga upya kwa uzito wa tui la pili. Vanishi usiipake, itakoza rangi zote. Iweke nyuma ya kioo, isigusane nacho.

Wasalimie wenzako.

Mama yako