Kupima ujazo wa bwawa: anza na kimo, boti baadaye

Mgeni wa kazi hii huvutiwa na boti ya kupimia kina, ilhali hesabu ya bwawa huharibikia zaidi nchi kavu, kwenye alama ya kimo. Chukua Masinga, kwenye mto Tana nchini Kenya. Lilikamilika 1981, likasanifiwa kubeba mita za ujazo bilioni 1.56 maji yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na likijaa uso wake ni kama kilomita za mraba 120. Kosea kimo kwa sentimita 10 tu: umezua au umefuta mita za ujazo milioni 12.

Kwa hiyo uliza mapema geji ya bwawa (kipimo cha kusomea kimo cha maji) imefungwa kwenye benchimaki ipi, yaani alama ya kudumu ambayo kimo chake kinajulikana. Kimo kinachotolewa na GPS si kile cha usawa wa bahari, na tofauti yake ni ya mita, si sentimita. Simika kipokezi cha GPS kwenye benchimaki ya wajenzi wenyewe, kisha hamisha kimo hadi kwenye geji kwa levo (darubini ya kupimia tofauti za kimo), kwenda na kurudi. Wakati wa kupima, geji isomwe kila nusu saa. Upepo wa alasiri husukuma maji upande mmoja, basi pima asubuhi.

Nenda mvua za masika zikiisha, boti iweze kuingia vijighuba vyote. Kingo zilizo kavu zipigwe picha kwa droni wakati maji yamepungua, na vipimo viwili, vya boti na vya droni, vifunikane angalau mita moja ya kimo, la sivyo utabaki na ukanda usio na data pale pale penye eneo kubwa.

Mistari ambayo boti hufuata ikate mkondo wa zamani wa mto. Kwa Masinga, nafasi ya mita 200 ni kama kilomita 600 za mistari. Kwa kilomita 7 kwa saa, saa 5 za kazi halisi, hizo ni siku 17. Ongeza mistari ya kukagua inayokatiza mingine, na siku za mota kunaswa na nyavu. Pale mto unapoingilia, punguza nafasi ya mistari hadi mita 50, maana ndipo mashapo (tope na mchanga wa mto) hulundikana. Huko pia kuna visiki, na viboko. Usipeleke boti ndogo peke yake.

Ekosaunda, chombo kinachopima kina kwa mwangwi wa sauti, hutoka kiwandani ikidhani sauti husafiri mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye maji yasiyo ya chumvi ya nyuzi 22 ni kama 1,488, na kina cha mita 40 kitasomeka kimezidi sentimita 32. Kila asubuhi shusha bamba la chuma chini ya kihisi, mita 2, 5 na 10, ulinganishe. Tumia masafa mawili: kilohezi 200 husoma uso wa tope laini, 33 hupenya zaidi. Andika mapema ni somo lipi kati ya hayo mawili litahesabiwa kuwa sakafu, kwa sababu mabishano yote huanzia hapo. Pita pia mteremko mmoja pande mbili. Mteremko ukionekana umehama kati ya safari hizo mbili, saa za GPS na ekosaunda haziendi pamoja.

Ofisini, chora kwa mkono mstari wa mkondo wa zamani kabla programu haijaunganisha vipimo kwa pembetatu kuunda sura ya sakafu. Usipofanya hivyo, programu itajenga vijilambo vya uongo katikati ya kila kona ya mto. Na kabla ya kutangaza mashapo yamekula kiasi gani, kokotoa upya ramani ya kale kwa njia ile ile uliyotumia kwenye data mpya.