Wasomaji Wauliza: Kamera ya Lenzi Mbili Iliyokaa Kabatini Miaka

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu kamera za filamu za lenzi mbili, zile unazozishika kifuani na kutazama kwa juu: Yashica, Rolleicord, Minolta Autocord. Matatizo yanatofautiana, lakini chanzo karibu kila mara ni kilekile, yaani mafuta yaliyoganda na unyevu. Kamera hizi hazifi kwa uzee. Nyingi huvunjwa na mkono unaolazimisha kitu kilichoganda, ndiyo maana katika kila jibu tumesisitiza kipi kianze na kipi kifuate.

Shikamooni wahariri. Nataka kununua kamera ya lenzi mbili mtandaoni. Nimeona Yashica Mat-124G na Rolleicord Vb, bei zao zinakaribiana. Muuzaji wa Yashica anasema "haijajaribiwa". Nichukue ipi, na niulize nini kabla ya kutuma pesa? — Msomaji, Tanga

Marahaba. "Haijajaribiwa" ihesabu kuwa mbovu, na utoe bei ya kamera mbovu. Kujaribu shata, yaani majani yanayofungua na kufunga njia ya mwanga, hakuhitaji filamu wala betri, na ni kazi ya dakika moja tu.

Omba kwanza video yenye sauti, mlango wa nyuma ukiwa wazi, shata ikifyatuliwa kwa sekunde 1, 1/2, 1/30 na 1/500. Kwenye sekunde 1 unatakiwa usikie mlio laini wa gia usiokatika, kisha mfyatuko wa kufunga. Mlio ukisuasua au kukata katikati, shata inataka kusafishwa. Pili, omba picha ya lenzi ya chini, ambayo ndiyo inayopiga picha: shata iwekwe B na kushikiliwa wazi, tundu la lenzi liwe f/3.5, yaani wazi kabisa, tochi imulike kwa pembeni kutoka mbele, simu ipige kwa nyuma. Hapo fangasi, ukungu na mikwaruzo vyote vitajitokeza. Ukiona rangi za upinde wa mvua au mapovu kwenye ukingo, gundi inayounganisha vipande vya kioo imeanza kuachia. Achana na kamera hiyo, maana kuibandua na kuiunganisha upya ni kazi ya fundi wa lenzi, na gharama yake inaweza kupita bei ya kamera nzima. Fangasi kwenye lenzi ya juu si tatizo kubwa, kwa kuwa lenzi hiyo ni ya kutazamia tu.

Tatu, itazame kamera kwa ubavu, fokasi ikiwa imerudishwa ndani kabisa. Bamba la lenzi liwe sambamba na mwili juu na chini, kushoto na kulia. Likiinama hata kidogo, kamera iliwahi kuanguka. Angalia pia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka, kuna mtu alishaingia humo na bisibisi isiyofaa.

Kuhusu ipi uchague: 124G ilitengenezwa kuanzia 1970 hadi 1986, ina lenzi ya Yashinon ya mm 80, krenki inayovuta filamu na kukoki shata kwa pamoja, na kipima mwanga. Rolleicord Vb ilianza 1962, ina lenzi ya Xenar ya mm 75, haina kipima mwanga, na shata yake unaikoki mwenyewe kwa kijiti kilicho chini ya lenzi. Lenzi zote mbili zina vipande vinne na zote ni kali sana ukifunga tundu hadi f/8. Zikiwa katika hali moja, sisi tungechukua Rolleicord: vitu vya kuharibika ni vichache, na mlango wake hautegemei sponji kuzuia mwanga kama wa 124G. Lakini 124G yenye lenzi safi na shata hai ni bora kuliko Rolleicord yenye fangasi. Kipima mwanga usikilipie hata senti.

Wahariri, Yashica Mat yangu iko sawa kuanzia 1/60 hadi 1/500. Nikiweka sekunde 1 au 1/2 inaanza kulia kisha inagoma, shata inabaki wazi. Jamaa ananiambia niipulizie mafuta ya kulegeza nati. — Msomaji, Nairobi

Usipulize chochote. Mafuta hayo yatatambaa hadi kwenye majani ya shata, na majani hayo hufanya kazi yakiwa makavu kabisa. Yakilowa yanashikana, na hapo hata 1/500 uliyonayo utaipoteza.

Dalili zako zinaonyesha mahali pa kutazama. Kasi za juu zinategemea springi peke yake. Kasi za chini zinapitia gia ndogo za kuchelewesha, na ni mafuta ya gia hizo yaliyogeuka gundi. Springi yako bado ina nguvu, kwa hiyo shata inaponeka. Wakati huohuo usiguse kijiti cha kujipiga picha mwenyewe, kile chenye herufi V. Nacho kina gia zake, nazo huganda kuliko zote, na ikigoma katikati inaifunga shata nzima.

Vifaa: bisibisi za msalaba za kiwango cha Kijapani cha JIS, kwa sababu za kawaida hazikai vizuri kwenye skrubu za Yashica na huchubua vichwa, kibano, kipande cha mpira laini cha kushikia lenzi, nafta, yaani mafuta ya laita za utambi, vijiti vya pamba, na trei yenye kingo ili skrubu zisipotee. Fundi saa wa mtaani kwako anaweza kukuazima kibano na kukuuzia tone la mafuta ya saa. Nafta inawaka haraka na mvuke wake unasafiri, basi fanya kazi dirisha likiwa wazi na pasiwe na jiko, sigara wala mshumaa chumbani.

Legeza ngozi ya bandia ya mbele kwa matone machache ya spiriti ya isopropili pembeni, subiri dakika chache, kisha inyanyue taratibu kwa wembe mwembamba uliolazwa. Chini yake kuna skrubu nne zinazoshika bamba la mbele. Piga picha kila hatua kabla ya kuondoa kitu. Bamba likitoka, kamata ukingo wa kundi la mbele la lenzi ya chini kwa mpira na ulifungue kinyume cha saa. Likigoma, weka tone la nafta kwenye uzi, subiri, jaribu tena. Koleo lisikaribie hapo.

Sasa majani ya shata yako wazi mbele yako. Chovya kijiti cha pamba kwenye nafta, kikamue, pangusa majani, fyatua mara ishirini au thelathini, pangusa tena kwa kikavu. Rudia mpaka pamba itoke bila alama ya kahawia. Kwa gia za kuchelewesha inabidi ufungue uso wa shata: kilegeze kipete cha kufungia, toa pete ya kasi ukiwa umeweka alama ya mkao wake, na gia utaziona pembeni zikiwa kundi moja dogo. Dondosha nafta kidogo kwa ncha ya sindano kwenye ekseli za gia, fyatua kwa sekunde 1 mara nyingi, nyonya uchafu kwa karatasi, rudia. Zikishakauka na kukimbia zenyewe, gusa ekseli kwa kiasi kidogo mno cha mafuta ya saa. Meno ya gia yaache makavu.

Wapo wanaoifurikisha shata yote kwa nafta bila kufungua uso. Itafanya kazi siku hiyohiyo, ndiyo, ila mafuta yaliyoyeyuka yanabaki humohumo, yanatandaa, na baada ya wiki chache majani yananata. Usirudishe lenzi mapema pia. Acha usiku mzima, la sivyo mvuke utaacha utando ndani ya kioo.

Kupima, tumia video ya simu ya fremu 240 kwa sekunde, ukitazama tochi kupitia shata. Hesabu fremu zenye mwanga: 1/8 itoe 30, 1/15 itoe 16, 1/30 itoe 8. Kuanzia 1/60 kwenda juu simu haiaminiki. Ukipata fremu 11 kwenye 1/30 umekosea kama nusu stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili), na filamu ya negativu inavumilia hilo bila shida. Ya slaidi haivumilii.

Kamera ya marehemu babu ilikaa kwenye mfuko wake wa ngozi tangu zamani. Ndani ya lenzi kuna nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. — Msomaji, Mombasa

Poleni. Hiyo ni fangasi, na mfuko wa ngozi ndio uliomlea: ngozi inashika unyevu na yenyewe ni chakula chake. Uhifadhi mfuko kwa kumbukumbu ya babu, lakini usirudishe kamera humo tena.

Toa kundi la mbele na la nyuma la lenzi ya chini. Lowesha kijiti cha pamba kwa haidrojeni peroksaidi ya 3% kutoka duka la dawa, kiguse kioo dakika chache bila kusugua, pangusa kwa maji yaliyotoneshwa, malizia kwa isopropili na kitambaa laini. Fangasi aliyekaa sana hutoa asidi inayokula rangi ya juu ya kioo, na alama hizo hazitoki. Zikiwa chache hazionekani pichani isipokuwa ukipiga kuelekea jua.

Baada ya hapo iweke kamera kwenye kontena la plastiki linalofunga kabisa, lenye gramu 100 hadi 200 za silika jeli na kipima unyevu kidogo. Lenga 40% hadi 50%. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120. Kuanika kamera juani si dawa. Joto linalainisha girisi na kuipeleka kwenye majani ya shata.

Salaam. Minolta Autocord yangu haifokasi, kijiti cha chini ya lenzi kimekwama. Nikisukuma kinapinda kidogo. — Msomaji, Muscat

Acha kusukuma sasa hivi. Kijiti hicho ni cha zinki ya kumimina, ni maarufu kwa kukatika, na kikikatika utakipata kwa kuua kamera nyingine. Kilichoganda si kijiti bali girisi ya uzi mkubwa wa fokasi ulio nyuma ya bamba la lenzi. Bamba linapaswa litoke na uzi usafishwe kwa nafta.

Uzi huo una mianzo mingi, na unaweza kuingia mahali kadhaa, lakini mahali pamoja tu ndipo sahihi. Kwa hiyo kwaruza alama ndogo pale unapoachana, kabla haujatoka. Girisi mpya iwe nyepesi ya lenzi, utando mwembamba tu. Vaselini usiitie: kwa joto la huko, hasa ndani ya gari, itayeyuka na kushuka kwenye shata.

Nilibadilisha kioo cha ndani cha Yashica kwa sababu kilikuwa na madoa meusi. Sasa ninaona safi sana, lakini picha zote za watu hazina fokasi. — Msomaji, Dar es Salaam

Uliweka kioo cha kujitazamia, au kioo sahihi chenye unene tofauti. Kioo cha kamera kimepakwa fedha upande wa mbele. Cha kawaida kimepakwa nyuma, hivyo mwanga unapita kwenye kioo chenyewe kwanza na unatoa taswira mbili.

Hata kikiwa cha fedha ya mbele, uso wake ukisogea milimita 0.3, njia ya mwanga kwenda juu inabadilika kama milimita 0.42, kwa kuwa kimelala kwa nyuzi 45. Kwa lenzi ya mm 80, ukifokasi mtu aliye mita 2, filamu inakuwa imefokasi kama sentimita 20 hadi 28 mbele au nyuma yake. Kwenye f/3.5 uso umekwenda.

Kama kioo cha zamani bado unacho, kipime unene kwa kalipa na utafute kinacholingana. Halafu hakikisha hivi. Chukua kipande cha plastiki ya kasha la CD, upana kama sentimita 6, kisugue upande mmoja kwa msasa laini mpaka kiwe cheupe. Kilaze ndani ya mwili wa kamera, juu ya reli za ndani ambapo filamu hupita, upande uliosuguliwa ukitazama lenzi. Shata B, kebo ya kufyatulia imefungwa ili shata ibaki wazi, f/3.5, kamera juu ya tripodi. Elekeza kwenye mnara ulio mbali kilomita moja au zaidi, zungusha fokasi hadi mnara ukate vizuri kwenye plastiki ukitazama kwa kikuza. Kitufe kisiguswe tena. Sasa tazama kwa juu: mnara ukiwa na ukungu, legeza skrubu ndogo zinazokaza lenzi ya juu, izungushe mpaka ukate, kaza. Rudia kwa kitu kilicho mita 2. Inayorekebishwa ni lenzi ya juu. Ya chini usiisogeze kuifuata.

Angalia na bamba la kukandamiza filamu kwenye mlango. Kwa 124G lisome 12EX kwa filamu ya 120. Likiachwa kwenye 24EX, filamu haikai inavyotakiwa na lawama utaitupia kioo bure.

Betri ya kipima mwanga cha 124G siipati popote. — Msomaji, Bujumbura

Ilikuwa PX625 ya zebaki, ya volti 1.35, na haitengenezwi tena. Ya alkali ya volti 1.5 inaingia lakini inadanganya kipimo. Tumia betri ya vifaa vya kusikia namba 675, ya volti 1.4, na uivishe pete ya mpira ili ijae nafasi. Ukishatoa stika yake itadumu wiki kadhaa hadi miezi michache, utumie usitumie. Kipima huwaka kila kofia ya juu ya kutazamia inapofunguliwa, basi ifunge ukimaliza. Kwa filamu ya ISO 100 kwenye jua kali, f/16 na 1/125 inatosha bila betri yoyote. Kivulini chini ya anga wazi, f/4.