Andika swali lako kabla ya shida zako

Mara ya kwanza nilipoomba ufadhili wa shahada ya uzamili ya historia nchini Uingereza, nilijaza karibu ukurasa mzima nikieleza nilikotoka: ada ya kuungaunga, vitabu vya kuazima, na kwamba kwetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu kabla yangu. Yote yalikuwa kweli, na nilikosa. Mwaka uliofuata habari hizo nilizibana katika sentensi nne, nafasi iliyobaki nikaitumia kueleza swali langu la utafiti na nyaraka ambazo ningezisoma. Safari hiyo nikapata.

Ndugu yangu unayeanza, elewa kwanza kwa nini fedha hizi zipo. Mwaka 2018, chama cha wanahistoria cha Royal Historical Society kilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba karibu walimu 94 kati ya 100 wa historia katika vyuo vikuu vya Uingereza walikuwa Wazungu, na weusi hawakufika hata mmoja katika 100. Mwaka 2022 chama hicho kikaanzisha ufadhili wa uzamili wa pauni 5,000 kwa wanafunzi wa makundi yenye uwakilishi mdogo. Kwa hiyo anayesoma ombi lako anajua tayari kwamba mlango umekuwa mwembamba. Asichokijua ni kile unachotaka kukichimba.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. "Nataka kutafiti wanawake wakati wa ukoloni" ni mada tu, bado si swali. Swali ni kama hili: kwa nini wanawake wa soko fulani walikataa kulipa kodi, na kwa nini ripoti za maofisa zinawaita wahuni ilhali kumbukumbu za mahakama zinawaonyesha kuwa wafanyabiashara waliokuwa wakidai na kudaiwa? Ukifika hapo, msomaji anaona mgongano wa vyanzo, na anaona kazi inayosubiri mtu wa kuifanya.

Kisha taja vyanzo kwa majina yake. Katalogi ya hifadhi ya taifa ya nyaraka iliyoko Kew, London, inapekuliwa bure kwenye intaneti hata kabla hujaomba chuo. Tafuta humo fungu la FCO 141: ni faili za tawala za kikoloni zilizofichwa kwa miongo mingi, zikaanza kufunguliwa kwa umma mwaka 2012 baada ya kesi ya wazee wa Mau Mau kuzifichua. Mimi niliandika namba za faili tatu kwenye ombi langu la pili, na kwenye usaili ndizo nilizoulizwa zaidi ya kitu kingine chochote.

Usisahau lugha zako. Kama unasoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, au lugha ya mama yako inakuwezesha kuwahoji wazee bila mkalimani, hiyo ni sifa ya kitaaluma. Iandike pale pale unapoeleza mbinu za utafiti, usiitupe mwisho kwenye mambo binafsi.

Upande wa fedha, piga hesabu mapema. Pauni 5,000 hazitoshi ada na maisha ya mwaka mzima, ni za kujazia. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipa gharama zote, lakini hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na kurudi kwenu kwa miaka miwili baada ya masomo. Vigezo hubadilika, kwa hiyo soma vya mwaka wako, tena usome vipengele vya uraia na ukaazi kabla ya kupoteza usiku kucha kwenye insha.

Waliokufundisha wape mwezi mzima wa kuandika barua za mapendekezo, na uwatumie swali lako la utafiti pamoja na maombi. Mwalimu mmoja aliniandikia barua nzuri sana kuhusu nidhamu yangu, lakini haikugusa historia hata kidogo, kwa sababu sikumwambia ninataka kutafiti nini.

Na ukikosa, omba maoni. Si wote hujibu. Mimi nilijibiwa mistari miwili tu, na mmoja wao uliuliza: "Utasoma nyaraka zipi?"