Maswali ya Wafuga Nyuki: Sega la Mwisho Si Lako

Kila mwaka mvua zikikata na ukungu ukianza kulala juu ya Mufindi, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Nimechagua machache. Mengine niliyajibu mwaka jana, na mwaka juzi pia.

Nyuki wangu wamehama mizinga mitatu ndani ya wiki mbili. Ni uchawi, au jirani kapuliza dawa? (Nyololo)

Wewe ni wa nne tangu Pasaka, na wote nimewauliza jambo moja: ulirina lini, na uliacha masega mangapi? Wawili walinyamaza. Wewe angalau umeandika mwenyewe kwamba ulijaza ndoo mbili "mpaka mzinga ukabaki mweupe". Sasa mchawi unamtafutia wapi?

Dawa ina dalili zake. Nyuki hufa wengi kwa mkupuo, utawakuta wametapakaa chini mbele ya mlango, wengine wakitetemeka kwenye majani. Mzinga uliohamwa kwa njaa hauna maiti, hauna asali, hauna watoto. Nyuki wetu hawakai kungoja kufa ndani ya sanduku lako. Chakula kikiisha wanafunga safari. Na kama ulikata masega ya watoto wa nyuki kwa sababu yalikuwa mazito mkononi, basi umewafukuza mwenyewe.

Wale nondo wa nta uliosema umewakuta ndani, wadudu wala masega, hawana kosa kubwa. Wameingia nyumba ilipobaki bila mwenyewe. Yeyusha masega hayo upesi, kwangua sanduku, paka nta kidogo ndani kwenye viunzi, kagua grisi ya kuzuia siafu, kisha subiri maua yarudi. Msimu ujao usirine kila ukionacho. Mimi huacha nusu ya asali kabla ya baridi. Mwenzangu mmoja huacha sega moja, na kila mwaka baridi ikiisha anakuja kuniomba kundi.

Naweza kukagua mzinga saa moja asubuhi kabla ya kwenda kazini? (Mafinga)

Hapana. Watoto wa nyuki wanahitaji joto la nyuzi 34 hadi 35, na nyuki vibarua wamekesha wamejibana kama ngumi kulilinda. Wewe unafunua kifuniko ili umalize kabla ya basi! Ngoja jua lipande na nyuki waanze kutoka, fungua dakika chache, funga. Siku ya manyunyu usifungue kabisa. Simama mlangoni utazame: wakiingia na chavua miguuni, ndani kuna uhai.

Asali yangu imeganda na mteja anadai nimechanganya sukari. Nimwoneshe jaribio la kiberiti? (Igowole)

Dada yangu, kiberiti kiache jikoni. Njiti iliyochovywa asali ikiwaka au isiwake, haithibitishi lolote juu ya sukari. Tone kuzama kwenye glasi ya maji nalo halithibitishi, wala sisimizi kulikwepa. Huwa najiuliza nani alianzisha mambo haya.

Asali halisi huganda kwa sababu ya glukosi iliyomo, na baridi ya huku, kwenye nyuzi 14 hivi, ndiyo inayoigandisha upesi zaidi. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu unayoweza kutia mkono, italainika. Ukiichemsha jikoni umeiharibu. Cha kuogopa ni maji. Asali ikizidi asilimia 20 ya maji huchacha, na hilo hutokana na kurina masega ambayo nyuki hawajayaziba kwa nta. Mteja akilalamika kwamba asali ina povu na harufu ya pombe, hapo mrudishie pesa yake.

Mjukuu wangu wa miezi minane anakohoa. Nimlambishe asali kidogo? (Malangali)

Usimlambishe hata kwa ncha ya kidole, mama. Mtoto chini ya miezi 12 hapewi asali, mbichi wala iliyochemshwa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wake mchanga. Mpeleke zahanati. Na ninyi mnaouza kwa kutangaza "dawa ya kikohozi kwa watoto wote", futeni hilo neno kwenye lebo.

Niwape nyuki sukari? (Mgololo)

Kama umewaachia asali, ya nini? Kama uliwanyang'anya, kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji, jioni, ndani ya mzinga. Ukiiweka nje unaita nyuki wezi kutoka mizinga yote ya jirani. Itakayobaki kwenye masega usiirine ukaiita asali.

Mzinga gani ni bora, wa gogo au wa kisasa? (wengi)

Ule unaoukagua.

Jumamosi hii kikundi chetu cha wafuga nyuki kinafanya nini? (Mafinga tena)

Tunayeyusha nta, halafu tunasafisha njia ya moto kuzunguka manzuki, yaani eneo la mizinga yetu. Huku tumezungukwa na mipaini, haina mbochi, maji matamu ya maua, ya kumfaa nyuki lakini inajua kuwaka, na majani yakikauka cheche moja inatosha. Kwa hiyo bomba la moshi la kufukizia nyuki halimwagwi majivu porini. Lizibwe kwa majani mabichi, lirudi nyumbani.

Njoo na masega yako makuukuu, gunia safi na sufuria isiyo ya mboga. Nta huyeyushwa ndani ya maji. Ukiibandika tupu juu ya moto inalipuka. Mwaka jana wanane walifika saa sita, ugali ukipakuliwa. Safari hii atakayechelewa atachanja kuni kwanza.