Alama zimepanda, lakini je, ni masomo ya jioni?

SWALI: Niliwapima kusoma wanafunzi wa Gredi ya 5, wastani ukawa 50. Nikawachukua 40 walioshika mkia, wenye wastani wa 30, nikawafundisha jioni kwa wiki kumi. Mtihani wa pili wakapata 38. Msimamizi wa tasnifu yangu anasema sijathibitisha kitu. Kwa nini? – Mwalimu, Likoni

JIBU: Mwalimu, msimamizi wako amesema kweli, na tatizo lilianza pale ulipochagua walioshika mkia. Alama ya mtoto ni uwezo wake pamoja na bahati ya siku ile: feri imemchelewesha, hakulala vizuri, amebahatisha majibu yakakataa. Ukiokota wa chini kabisa, umeokota wengi walioangushwa na bahati. Safari ya pili bahati haiwaangukii vilevile, na wastani wao hupanda wenyewe. Mtafiti Mwingereza Francis Galton alilionyesha jambo hili mwaka 1886 kwa vimo vya wazazi na watoto wao.

Tupige hesabu. Tuseme uwiano wa mitihani miwili (correlation, yaani jinsi alama za kwanza na za pili zinavyofuatana; 1 ni kufuatana kikamilifu) ni 0.7, na wastani na mtawanyiko wa gredi nzima haukubadilika. Wanafunzi wako walikuwa alama 20 chini ya wastani. Pengo linalotarajiwa kubaki mtihani wa pili ni 20 × 0.7, yaani 14. Basi wangefika 36 bila kufundishwa chochote! Zimebaki alama 2, na hizo nazo zina wadai wengine: wiki kumi mtoto anakua, na kama karatasi ilikuwa ileile, ameshaizoea.

Kwa kundi jipya, andika majina ya wote 40 kwenye vikaratasi, upige kura. 20 wasome sasa, 20 wasubiri muhula ujao, ili asinyimwe mtu. Bahati ya siku, kukua, hata mfungo wa Ramadhani, vitayagusa makundi yote mawili. Wafanye mtihani siku moja, karatasi zichanganywe, majina yafichwe, na asahihishe asiyejua nani alifundishwa. Lakini 20 kwa 20 huonyesha tofauti kubwa tu. Ukipata watoto zaidi, waongeze.

Tafadhali usifundishe darasa zima ukalilinganisha na la jirani. Watoto wa mwalimu mmoja hufanana. Kwa darasa la watoto 40 na mfanano wa 0.2 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kikamilifu), hesabu ni 1 + 39 × 0.2 = 8.8, na 80 ÷ 8.8 ni kama 9: watoto 80 wa madarasa mawili wanabeba habari ya watoto 9 hivi wasiohusiana. Tena hutajua kilichofanya kazi ni masomo au ni mwalimu.

Data uliyonayo usiitupe. Iite jaribio la awali, na uwiano wa mitihani yako ukokotoe kwa alama za gredi nzima, si za wale 40 peke yao.