Barua Isiyo na Mwaka: Kuzipa Tarehe Nyaraka za Familia ya Booth

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Katika zoezi letu tumepewa picha za barua za familia ya Booth, waigizaji wa Marekani wa karne ya 19. Nyingi zina siku ya juma na tarehe, lakini hazina mwezi wala mwaka. Nitazipaje tarehe bila kubahatisha, na nitajuaje kwamba barua si ya kughushi?

JIBU: Familia hiyo inasumbua, lakini inakupa nafuu moja ambayo hutaipata kwa familia ya mkulima: kazi yao ilitangazwa hadharani. Mwigizaji aliyeingia mji fulani aliacha nyuma yake mabango ya maonyesho, matangazo ya magazeti na hesabu za mapato ya mlangoni, na vingi kati ya hivyo vina tarehe. Kwa hiyo, kabla hujaanza kuzichambua barua zenyewe, tengeneza jedwali la safari za kila mwanafamilia, likionyesha alikuwa mji gani, ukumbi gani, na akicheza nini. Jedwali hilo litakufaa kuliko lenzi yoyote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme umekuta barua ya Edwin Booth iliyoandikwa juu yake "Jumapili, tarehe 27", na ndani anasema kwamba juzi usiku walipanda jukwaani ndugu watatu, kisha watazamaji wakashikwa na hofu ya moto. Ndugu hao watatu, yaani Junius mdogo, Edwin na John Wilkes, walicheza pamoja Julius Caesar katika ukumbi wa Winter Garden, New York, Ijumaa tarehe 25 Novemba 1864, kuchangia sanamu ya Shakespeare iliyokusudiwa kwa Central Park. Usiku huohuo mawakala wa majimbo ya Kusini, yaliyokuwa vitani na serikali kuu, walichoma moto hoteli kadhaa za mji, mojawapo ikiwa jirani na ukumbi huo. Sasa fungua kalenda: katika mwaka 1864 tarehe 27 iliangukia Jumapili mara mbili tu, Machi na Novemba. Machi inaondolewa na tukio lenyewe, na kinachobaki ni tarehe 27 Novemba, siku moja baada ya Edwin kuanza mfululizo wake wa Hamlet uliofikia usiku wa 100 mwezi Machi 1865. Angalia jinsi kalenda, tukio na jukwaa vinavyothibitishana. Kimojawapo kingekuwa peke yake, nisingekuruhusu uandike tarehe hiyo.

Jihadhari sana na majina, kwani ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Kuna Junius Brutus Booth baba, mzaliwa wa London aliyefika Marekani mwaka 1821 na kufariki 1852, na kuna Junius mwanawe. Edwin naye alioa mara mbili, na wake wote wawili waliitwa Mary: Mary Devlin, aliyeolewa 1860 na kufariki Februari 1863, na Mary McVicker, aliyeolewa 1869 na kufariki 1881. Mama mzazi wa Edwin aliitwa Mary Ann. Ukikuta "Mary anakusalimu", usikimbilie kuamua ni yupi. Tafuta kwanza kama barua inamtaja Edwina, binti aliyezaliwa Desemba 1861, na kama anazungumziwa kama mtoto mchanga au msichana mkubwa.

Karatasi na posta nazo zina ushahidi wake. Stempu za kwanza za serikali kuu ya Marekani zilitolewa mwaka 1847, na kabla ya bahasha kuenea barua ilikunjwa yenyewe, ikafungwa kwa lakiri, na anwani ikaandikwa mgongoni. Mihuri ya posta ya miaka ya 1850 na 1860 mara nyingi huonyesha mji, siku na mwezi bila mwaka, kwa hiyo inakupa kile hasa ambacho mwandishi hakukiandika, yaani mwezi. Tena, mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, serikali ilizifuta stempu za zamani ili zisitumiwe na upande wa Kusini; aina ya stempu iliyobandikwa inaweza kukuonyesha barua iko upande gani wa mwaka huo. Karatasi yenye ukingo mweusi ni ya msiba, lakini haikwambii msiba wa nani. Na omba bahasha ipigwe picha pande zote mbili, kwa maana ni jambo la kusikitisha mno kuona bahasha imetengwa na barua yake kwa sababu tu mtu aliiona kuwa takataka.

Kuhusu kughushi, mfano bora umo katika familia hiyohiyo. Tarehe 4 Julai 1835 Rais Andrew Jackson aliandikiwa barua ya kumtishia maisha iwapo hangewasamehe maharamia wawili waliohukumiwa kifo, na ilikuwa na sahihi ya Junius Brutus Booth. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa mzaha wa mtu mwingine aliyetumia jina la mwigizaji huyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee wanaohariri nyaraka za Jackson walitangaza kwamba ni ya Booth mwenyewe. Kilichosaidia sana ni kulinganisha mwandiko wake na ule wa barua ambayo Booth alimwandikia meneja wa ukumbi alikoshindwa kufika. Zingatia kwamba walilinganisha na barua ya kikazi isiyo na mvuto wowote, ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuighushi. Fanya vivyo hivyo.

Kwa barua za John Wilkes ongeza tahadhari mara mbili. Baada ya kumuua Rais Lincoln Aprili 1865, kuwa na karatasi yenye jina lake kulikuwa hatari, na watu walichoma walizokuwa nazo. Mwigizaji John Mathews aliichoma ile aliyokabidhiwa siku ileile ya mauaji ili aifikishe gazetini. Uhaba huo ndio unaopandisha bei, na bei ndiyo inayowavuta waghushi. Dada yao Asia aliandika kumbukumbu zake za kaka huyo kwa siri huko Uingereza, na zilichapishwa mwaka 1938, miaka 50 baada ya kifo cha Asia mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba barua huishi kwa aliyeipokea. Zile ambazo Edwin alimwandikia mhakiki William Winter ziko Folger Shakespeare Library, Washington, ilhali nyaraka nyingine zimo The Players, New York, klabu aliyoianzisha mwaka 1888 na kufia humo 1893. Majibu ya barua uliyonayo huenda yamo katika jengo jingine, nayo pengine yana mwaka.

Ukishafikia tarehe, iandike ndani ya mabano ya mraba, hivi: [27 Novemba 1864], na chini yake utaje kila ushahidi uliokufikisha hapo. Ukiwa na mwaka bila mwezi, andika mwaka peke yake. Wala usizipange upya barua kwa tarehe zako mwenyewe. Acha mpangilio uliozikuta nao, kwa kuwa barua mbili zilizofungwa pamoja na mwenyewe ni ushahidi ambao ukishauvunja hutaweza kuurudisha.