Mkanda umelegea, mkono umeinua wewe: nani kashinda?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu watano tunajifunza sumo, mieleka ya Kijapani, wenyewe kwa kutazama video, tunachezea kwenye mchanga. Juzi mwenzangu alinibana, nikahisi mkanda wangu (ile nguo tunayojizungushia kiunoni na kupitisha katikati ya miguu) unalegea, nikamwachia na kuinua mkono ili tufunge upya. Yeye akanisukuma nje ya duara, akasema kashinda. Je, ni haki? Pia, kuna kocha mtandaoni anasema ukishikwa vizuri mno mkunje kidole kimoja, ataachia. Inaruhusiwa?

JIBU: Marahaba. Mwenzako kashinda, na kashinda kihalali. La kidole, hapana. Kukunja kidole kimoja au viwili kwa nyuma ni kosa la kupoteza pambano hapo hapo, na huyo kocha wako nitamrudia.

Swali la mkanda naletewa kila mara, na kila mara kosa ni lile lile: watu wanadhani kusimamishwa kwa pambano ni mapumziko kwa aliyezidiwa. Mpiganaji wa sumo hasimamishi kitu. Haombi, hainui mkono, halalamiki hata akiona kaonewa. Anayesimamisha ni gyoji, yule mwamuzi mwenye upepeo, na matokeo yakitiliwa shaka wanaoitisha kikao ni majaji watano wanaokaa kuzunguka duara. Mpiganaji anayesubiri zamu yake chini ya jukwaa anaweza kuinua mkono kutaka matokeo yajadiliwe. Wawili waliopigana hawana ruhusa hiyo.

Sasa tazama gyoji anavyofanya mkanda ukilegea. Anawazuia wote wawili palepale walipo. Hakuna anayeachia. Kama mkono wako wa kushoto umepita chini ya kwapa lake na kushika mkanda, unabaki umeshika, kichwa kimeegemea bega lake, miguu haisogei. Gyoji anazunguka nyuma, anakaza fundo, anahakikisha wote wako tayari, halafu anawapiga kofi mgongoni kwa pamoja na kazi inaendelea. Aliyekuwa na mshiko mzuri anabaki nao.

Hata pambano likirefuka hadi kama dakika nne na wote wamechoka, wakasimamishwa wakanywe maji, gyoji anakariri nani kashika wapi na mguu wa nani uko mbele. Wakirudi anawapanga vilevile, na majaji wanahakiki. Ndiyo maana ulipoachia ulipoteza vyote viwili, mshiko na pambano.

Na ungekuwa umevuliwa kabisa je? Ungeshindwa pia. Kulegea ni jambo moja, kuvuka ni jingine. Mwezi Mei 2000 mpiganaji wa daraja la chini aitwaye Asanokiri alivukwa na mkanda katikati ya pambano, akahesabiwa kashindwa. Kwa hiyo ule ujanja mwingine wa mtandaoni, wa kufunga mkanda kwa ulegevu ili mkono wa mpinzani uvute nguo tupu, usiusikilize. Ni kweli unapunguza nguvu ya mshiko wake, lakini fedheha yake ni yako.

Kuhusu unaposhika: mizunguko ya kiunoni ni halali. Kipande cha mbele kinachoshuka katikati ya miguu usikiguse, wala usipenyeze vidole humo kutoka pembeni. Shingoni unaruhusiwa kusukuma koo kwa kiganja kilichofunguka. Ukifumba vidole ukakaba, umeshindwa. Kofi sawa, ngumi hapana. Makofi mawili kwa pamoja kwenye masikio yote hapana, teke la kifua au tumbo hapana. Nywele hapana hata kwa wakubwa: jijini Nagoya, Japani, Julai 2003, Asashoryu alinyimwa ushindi kwa kumvuta Kyokushuzan fundo la nywele, naye alikuwa yokozuna, cheo cha juu kabisa. Hakuna yokozuna aliyewahi kupoteza pambano kwa kosa la namna hiyo kabla yake.

Nimrudie kocha wa kidole. Watu hawa wanakata sekunde kumi za video, wanaongeza muziki, wanaita “siri ya Wajapani”. Hamna siri hapo, ni kosa lililoandikwa kwenye kanuni. Na huko Japani kuna gyoji, kuna majaji watano, kuna udongo ulioshindiliwa na vijana walioanza kujifunza kuanguka kabla ya kujifunza kuangusha. Ninyi mna mchanga na simu.

Isitoshe, hata huko kanuni za kusimamisha zimejengwa kwa ajili ya mkanda, maji na mwanzo mbovu. Majeraha yalisahauliwa kwa muda mrefu. Januari 2021 mpiganaji aligongwa kichwa, akayumba, na bado yeye na mpinzani wake wakaruhusiwa kuanza tena. Baada ya hapo ndipo majaji wakapewa uwezo wa kumzuia aliye katika hali hiyo. Machi mwaka huohuo mpiganaji mwingine, Hibikiryu, aliangukia kichwa jijini Tokyo, akalala kifudifudi dakika kadhaa kabla daktari hajamfikia. Alifariki hospitalini mwezi uliofuata.

Basi hapo msiige Japani. Kati yenu sita, mmoja awe nje ya duara siku zote, kazi yake kusema “simama”, na akisema hakuna kusukumana tena. Aliyegongwa kichwa akapepesuka au akasahau alipo, siku hiyo harudi duarani hata akiapa yuko sawa. Aliyeangukia shingo msimwinue, msimgeuze, msimpe maji. Mmoja amshikilie kichwa kisicheze, aangalie kama anapumua, mwingine apige simu. Akiwa hapumui tu ndipo mgeuzeni, kwa pamoja, kichwa na mwili kama gogo moja, muanze kumkandamiza kifua. Kama hakuna kati yenu anayejua kufanya hivyo, achieni kuangushana kwanza. Fanyeni kusukumana na hatua za miguu mpaka mpate wa kuwafundisha.